Udi Kabla ya Kahawa

Ijumaa, 9 Januari 2026

Dada kafika. Alhamdulillahi. Miaka tisa hatujaonana, simu tu, na sauti yenyewe inakatikakatika. Leo asubuhi katoka mlango wa uwanja wa ndege kavaa soksi mbili mbili, ushungi juu ya ushungi, na juu yake koti la marehemu mumewe. Maskati leo digrii ishirini na mbili. Neno lake la kwanza: Jumana, mbona hukunambia kwenu kuna barafu?

Nimecheka. Halafu nimelia, mbele ya madereva wa teksi wote. Kanifuta machozi kwa ncha ya ushungi wake, kama nna miaka sita. Nna hamsini na saba.

Kaja na mjukuu wake, Fajr, miaka tisa, mdomo haufungwi. Na sanduku la kilo ishirini na tatu, nguo zake humo hazizidi tatu. Zilobaki achari ya embe, iliki, visheti, kofia ya viua, ile ya vitundu vya sindano, anayoishona, na kopo la udi. Huo udi kaupika mwenyewe, siku tatu jikoni, kwa sukari na marashi. Kasema huu ni wa posa ya Nawar, mtu asiuguse.

Maana Ijumaa ijayo wanakuja wazee wa Loai kumposa binti yangu. Watu wa Nizwa, Kiswahili hawajui hata cha kuombea maji. Loai na Nawar wanafanya kazi pamoja maabara. Nawar keshatimia miaka ishirini na tisa na posa zimekuja nyingi, kazikataa zote. Huyu ndiye wa kwanza aliyemtaka kwa moyo wake. Na mie nimempenda. Kijana anaosha gari lake mwenyewe.

Nimewatengenezea wageni ratiba ya siku kumi na sita. Nimeichapa ofisini, kwa rangi, nimeibandika kwenye friji. Marhoon kaisoma kasimama, kasema mke wangu, hii si ratiba, hili ni tangazo la wizara. Kazi yake yeye ni kuendesha gari. Na aendeshe.

Jumamosi, 10 Januari

Ratiba: Matrah, ngome, sokoni, makumbusho, chakula cha mchana, ufukweni. Tulichofanya: Matrah na makumbusho. Basi.

Matrah imeingia meli ya watalii, kubwa kuliko mtaa wetu. Fajr kataka kuhesabu madirisha yake. Tumekaa tumemsubiri ahesabu! Kafika mia mbili na kumi, kapotea njia, kaanza upya. Dada yeye kakaa kwenye ukuta wa bahari anaota jua, anamwamkia kila mzee anayepita. Watatu wamemwitikia kwa Kiswahili. Wa nne kumbe alisoma skuli moja na marehemu kaka yetu. Nusu saa nyingine hiyo.

Makumbusho kuna sanduku la njumu za shaba kama la mama. Dada kalipapasa. Mlinzi kasema usiguse, mama. Keshagusa. Akanionesha pembeni, njumu moja imeng'oka, kasema la kwetu lilikuwa hivi hivi, ulikuwa ukiing'oa wewe kwa kijiko. Sikumbuki. Yeye anakumbuka kila kitu changu, maana kanilea yeye tangu mama alipofariki.

Nimeudhika na ratiba kidogo. Kidogo tu.

Jumatatu, 12 Januari

Kazini mpaka saa nane na nusu. Narudi nyumbani naikuta inanukia mkate wa kumimina. Nimekula vipande vinne na abaya yangu mwilini.

Alhamisi, 15 Januari

Siku ya mapumziko, nchi nzima iko nje. Tumekwenda tamashani, bustani ya Qurum. Mataa kila mti, bembea, ngamia, wachezaji wa ngoma ya razha na panga zao, wauza maharage ya kuchemsha. Droni mia kadhaa zimepanda juu zikachora khanjari, halafu dele la kahawa. Dada kaweka mkono kifuani, kauliza, na waliozirusha wako wapi? Nikamwambia wako chini na kompyuta. Kasema basi Mungu awape macho.

Kwenye bembea za watoto kuna dada Mkenya anayekata tiketi, Peninah jina lake. Kutusikia tu, kaacha foleni. "Kumbe nyinyi mnaongea Kiswahili! Ni wa wapi, Mombasa?" Dada kamjibu kwa heshima zote kwamba yeye ni wa Unguja, Mombasa anaisikia. Peninah kacheka mpaka kashika geti. Kasema ana mwezi mzima hapo kwenye kelele, leo ndio masikio yake yamepumzika. Fajr kapandishwa mara ya pili bila ya kuulizwa. Dada kamwombea dua ya mume, watoto na nyumba. Peninah kasema mume anaye, shosho, yaani bibi kwa kwao, aombee hiyo nyumba.

Kijiji cha turathi hatukufika, Fajr kalala begani kwa Marhoon. Si neno. Kipo kwenye ratiba ya Jumanne: "saa 11 jioni, kijiji cha turathi, kumsalimia mama yake Loai." Bi Sayyida huyo. Mwezi mzima yuko hapo na wanawake wenziwe, wanashona kofia watalii wanawatizama. Nimepanga tukamsalimie baada ya posa, tukiwa tushakuwa jamaa.

Nimesali shukurani leo. Binti anaolewa, dada yupo chumba cha pili anakoroma. Nitake nini tena?

Ijumaa, 16 Januari

Naandika ili nisipige kelele.

Wamekuja saa kumi na nusu, saa ile ile waliyosema. Wanaume majlis, chumba chao cha wageni, na Marhoon: Loai, baba yake, ami yake. Wanawake sebuleni kwangu: Bi Sayyida na dada zake wawili. Wamekaa. Salamu, khabari za Nizwa, khabari za baridi. Nikainuka kwenda jikoni kutia kahawa kwenye dele. Dakika tatu! Sikukaa zaidi ya dakika tatu.

Hapa kila mtu anajua, mpaka mtoto mchanga. Mgeni anakula tende na haluwa, anakunywa kahawa, mnazungumza, mnamaliza mlilonalo. Udi hutoka mwisho. Udi ukishapita, maana yake asanteni, Mungu awafikishe salama. Mgeni anajifukiza, anainuka. Kumtolea mgeni udi kabla ya kahawa ni kumwonesha mlango.

Na kwetu Unguja mgeni wa heshima hapiti kizingiti ila kwa udi. Mimi yote mawili nayajua. Miaka thalathini na minane niko hapa, nayajua mpaka nimesahau kwamba yanapingana. Sikumwambia Dada. Ratiba kurasa mbili, hilo sikuliandika.

Natoka na dele, namkuta Dada katikati ya sebule na chetezo, moshi mzito, udi wake wa siku tatu, uso unang'ara kwa furaha. Anamfukiza Bi Sayyida. Bi Sayyida kapokea moshi chini ya shela yake, upande huu, upande huu, taratibu. Kamshukuru. Kasimama. Dada zake wakasimama.

Nikasema kaeni, kaeni, kahawa hii hapa. Kaniambia kwa Kiarabu kizuri kabisa, Mungu akuzidishie, tumeshakirimiwa. Na Dada huku hajui, anawatabasamia, anamkabidhi Fajr chetezo awapelekee wanaume. Mtoto kakibeba kwa mikono miwili, kwa adabu. Majlis nao wakasimama.

Loai kanitizama kwa dirisha la gari. Haluwa haikuguswa. Nawar yuko chumbani na nguo yake ya kijani, hata hakuitwa.

Jumamosi, 17 Januari

Simu yangu Bi Sayyida haipokei. Mara tano.

Loai kampigia Nawar. Yeye anaelewa, kawaeleza kwao, mama yangu wallahi si hivyo, wale desturi yao nyengine. Mama yake kasema aliyetutoa ni mkubwa wa nyumba, kwa mkono wake mwenyewe, na mkubwa hafanyi jambo kwa bahati mbaya. Asiyetaka katwambia kwa adabu, na sisi tumemsikia kwa adabu. Ami yake mkali zaidi. Kasema Wazanzibari wametufukuza kwa marashi.

Wazanzibari. Miaka thalathini na minane nimekaa nchi hii, nimezaa hapa, natumikia serikali. Neno hili sikulisikia muda mrefu, nikadhani limekwisha.

Na leo nimefanya baya kuliko lote. Dada jikoni kaniuliza, wataka nikawaombe radhi? Nikamwambia, hapa si Unguja, si kila kitu utie mkono wako. Hivyo hivyo. Mbele ya Fajr.

Kaikunja kofia anayoishona, kaitia mkobani, kaenda kukoga.

Mkono wake! Mkono huo ndio ulonivalisha sare ya skuli, ukanisuka nywele kila Ijumaa. Ulishona kofia usiku na mchana ili mie nisome. Mungu nisamehe.

Jumapili, 18 Januari

Hatusemezani sana. Adabu nyingi, chai nyingi. Nawar kenda kazini na macho mekundu, karudi nayo.

Dada anaondoka Jumapili ijayo.

Jumanne, 20 Januari

Andika yote, Jumana, usije ukasahau.

Nimerudi kazini, nikajinyoosha kidogo. Naamka Alasiri imeadhiniwa kitambo, nyumba kimya. Dada hayupo, Fajr hayupo. Kwenye friji ratiba yangu, na mstari wa leo umezungushiwa kalamu nyekundu: "Jumanne, saa 11 jioni, kijiji cha turathi." Chini yake Fajr kaandika, TUMEFUATA RATIBA. Wiki nzima hakuna aliyeifuata, wameifuata leo.

Nimemtoa Marhoon na kandambili zake. Njia nzima namwambia endesha, ananambia naendesha. Mwanamke wa watu hajui mji, Kiarabu chake ni cha sala tu. Na kenda kukaa mbele ya watu waliokasirika!

Kwenye geti la bembea nikamkuta Peninah. Hata sijamuuliza, kasema, "Shosho ako huko ndani, mama, tulia. Teksi iliwashusha hapa, saa nzima sasa. Mimi ndio nilimwonyesha, akanipa visheti." Nikamshukuru na kumkimbia kwa pamoja.

Nikasimama nyuma ya banda la mwuza haluwa, sikuthubutu kusogea. Mkeka mkubwa, wanawake sita, Bi Sayyida katikati. Ubavuni pake Dada, koti na soksi zake. Wote wawili vichwa chini, wanashona. Hakuna anayesema. Chetezo kidogo mbele yao kinatoa moshi, cha hapo hapo, kwa watalii.

Baadaye Bi Sayyida kanyoosha mkono, kaichukua kofia ya Dada. Hakuitizama juu. Kaigeuza ndani, akaangalia mafundo. Kaifikicha kwa kidole gumba. Kairudisha. Ile ni heshima, mshonaji anajua.

Wakaja Wazungu wawili, mke na mume, kofia pana. Dada kainuka kwa magoti yake mabovu. Kafungua kopo lake, katia udi kidogo kwenye kile chetezo, kamwendea yule bibi wa Kizungu, kamfukiza huku na huku, kisha kampigia mkeka makofi mawili: kaa. Kakaa. Mumewe naye kakaa, miguu imemshinda kukunja.

Sindano ya Bi Sayyida ikasita.

Ikaja familia ya Kihindi na watoto wanne. Dada kainuka tena. Kopo, moshi, makofi mawili. Wamekaa. Kisha msichana wa tamasha, yule mwenye redio ya mkononi, kaja kuuliza mbona hapa pamejaa. Naye kafukizwa, naye kakaa! Mkeka ukajaa, Bi Sayyida kasogezwa mpaka pembeni ya mkeka wake mwenyewe.

Kamtizama Dada. Kawatizama watu. Kaweka shela mdomoni, mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, ya Rabbi, anacheka mpaka kaegemea nguzo. Kamuuliza Fajr kwa Kiarabu, bibi yako hufanya hivi kwa kila mtu? Na Fajr, na Kiarabu chake cha chuo cha Kurani, kasimama wima kama anasoma sura: naam, ewe bibi, kila siku, kwa kila mwanadamu.

Nikashindwa, nikatokeza. Nimembusu Bi Sayyida kichwani, kaniitikia salamu, hakuniambia zaidi. Nikapiga magoti kwa Dada, nikamshika ule mkono, nikaubusu. Nikamwambia nisamehe, kosa langu, mie ndiye sikukwambia. Kanipa sindano. Kasema, macho yangu hayaoni hapa, hebu nitilie uzi.

Nimemtilia uzi. Mara ya tatu ndio umeingia, machozi yalinizidi.

Tunaondoka, Bi Sayyida kaishika ile kofia. Dada anamshonea Loai, imebaki robo. Kauliza kwa mkono, niachie? Dada kamwachia. Ndani ya gari nikamuuliza umemwambia nini saa nzima ile. Kasema, sikumwambia kitu, ningemwambia kwa lugha gani?

Jumatano, 21 Januari

Kimya. Lakini Dada kala vizuri, na mie nimeimba kazini. Wenzangu wameniuliza kuna nini.

Alhamisi, 22 Januari

Loai kapiga. Mama yake anakuja kesho, baada ya Alasiri. Na nani? Na wote, ami naye. Kasema nini? Hakusema kitu, kasema tu tunakwenda kwa watu wa Bi Muhsina. Hivyo ndivyo alivyotuita, kwa jina la dada yangu.

Sijui anakuja kuposa au anakuja kurudisha kofia. Nawar kaitoa nguo ya kijani, kairudisha kabatini, kaitoa.

Dada na mie tumekaa jikoni tunachambua iliki. Nimemwambia yote ya hapa: kahawa mwanzo, udi mwisho. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kasema, basi kwenu hapa mtu ananukizwa akishaondoka? Nikamwambia ndiyo. Kasema, haya, niambie tu nikae wapi. Kanihurumia mie, yeye ndiye aliyeaibishwa. Sijui nilimfanyia Mungu wema gani nikapewa huyu.

Ijumaa, 23 Januari

Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya friji. Dakika moja tu.

Asubuhi nimekificha chetezo. Nimekitia ndani ya mashine ya kufulia, nikafunga mlango wake. Kopo la udi chini ya mchele. Dada nimemkalisha kiti cha pembeni, nikamwambia kwa mapenzi yote ya Mungu usinyanyuke. Kakalia mikono yake miwili, ili nione.

Wamefika. Wanaume majlis, baba, ami, Loai. Ami uso mkavu. Wanawake kwangu. Bi Sayyida kakaa karibu na Dada, bega kwa bega, na mapajani kwake ile kofia ndani ya kitambaa cheupe. Nauona ukingo wake, imekwisha kushonwa. Hakuitoa.

Sikusubiri khabari za Nizwa wala za baridi. Nimekuja mbio na dele, nikamtilia kikombe cha kwanza. Kakifunika kwa kiganja.

Moyo wangu!

Kauliza, udi wa Bi Muhsina uko wapi?

Dada zake wakatizamana. Nikasema upo, lakini kahawa kwanza, tafadhali. Kasema kwa sauti ya kusikika mpaka majlis, maana mlango uko wazi: utangulizeni huo. Leo tunataka kukaa.

Dada hakuelewa maneno, kamwelewa mkono. Katoa mikono yake chini ya mapaja.

Basi nikenda kukitoa chetezo kwenye mashine ya kufulia, mgeni anasikia mlango wake unavyolia. Makaa yaliwaka mara moja. Dada kafukiza wanawake, mmoja mmoja, hakufanya haraka. Bi Sayyida kashusha shela ikarudi mabegani, kajiegemeza kwenye mto, kanyoosha miguu. Kisha Fajr kakipeleka kwa wanaume kwa mikono miwili, kama ile siku.

Posa haijasemwa. Kofia bado iko mapajani. Nawar kasimama hapa kando yangu na nguo yake ya kijani, kashika sinia ya vikombe, vinagongana. Tunasikiliza majlis, mie na yeye. Namsikia ami anakohoa moshi. Namsikia Marhoon anamwambia karibu.

Udi umeshazunguka nyumba nzima. Hakuna aliyesimama.